Hedifoni za Kusikilizia Taarab Chumbani

Tangu muhula uanze tunaulizwa: ninunue hedifoni gani za kusikilizia muziki nyumbani? Tunajibu tukijua wengi wetu tunakaa vile vyumba vya wanafunzi hapa London ambavyo mtu akikohoa upande wa pili wa ukuta unamwambia pole.

Hedifoni kubwa za kufunika sikio ni za namna mbili. Zilizo wazi nyuma zina matundu kwenye kombe lake, kwa hiyo sauti inatoka nje kwa raha. Ni tamu, hatukatai, lakini jirani yako atasikia kila ubeti. Zilizozibwa nyuma hukuachia muziki wako mwenyewe na kukupunguzia kelele za jikoni. Kwa vyumba vyetu, chagua hizi. Kelele zikipungua huna haja ya kupandisha sauti, nalo ni jambo la maana: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki. Hasara yake utaiona ukirudi kwenu likizo, mama akuite mara tatu kutoka chini usisikie.

Dukani utasifiwa besi. Sisi tunasema sikiliza neno kwanza. Wengi wetu Kiswahili chetu ni cha sebuleni kwa wazazi. Fumbo la taarab tunalipata nusu, nusu nyingine tunaitafuta. Sauti ya mwimbaji inakaa katikati, pamoja na fidla na udi. Besi ikizidi inaifunika, konsonanti zinamezwa, unabaki kubahatisha kama bibi amesema "amependa" au "ametenda". Kwenye wimbo wa mafumbo hapo maana yote imeshapotea.

Chukua rekodi za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Sauti yake imekuja na mikwaruzo mingi. Hedifoni zenye ukali mwingi juu huunyanyua ule mkwaruzo mpaka ukuchoshe, na zenye besi nzito hazikusaidii kitu, maana besi yenyewe kwenye santuri zile ni haba. Unataka zilizotulia katikati.

Kwa masikio yetu, Audio-Technica ATH-M40x ndizo zilizotulia kuliko nyingine tulizopeana kujaribu. Besi yake ina adabu kuliko ya ndugu yake M50x, ambaye ndiye maarufu zaidi. Waya unachomoka, kwa hiyo ukikatika unanunua waya tu. Mito yake ni myembamba, mwenye masikio makubwa ataumia. Sony MDR-7506, za studio tangu 1991, huleta maneno mbele vizuri, ila juu zina ukali kidogo na ngozi ya mito yake hubanduka. Mito mipya inauzwa. Beyerdynamic DT 770 Pro zina mito laini ya mahameli, unaweza kukaa nazo jioni nzima. Lakini besi na ukali wa juu vyote vimezidi, na Siti anarudi nyuma. Kwa rumba ya Kongo au Bongo Fleva ni raha tupu. Ukizinunua utazame namba: zipo za omu 32, 80 na 250. Hizo za 250 ukizichomeka kwenye simu zitanong'ona tu.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba hedifoni zilizozibwa hutegemea mto ushike kichwa pande zote. Penye upenyo, besi inavuja, na hedifoni nzuri inasikika kama redio ya mbao. Na sisi tuna miwani, tuna misuko, tuna hijabu. Jaribu hivi: muziki ukiwa unapiga, bonyeza makombe taratibu kwa viganja. Besi ikiongezeka ghafla, mto haujashika. Fimbo nene za miwani ndizo adui mkubwa. Misuko ishushe nyuma ya sikio. Wanaovaa hijabu muda wote kwa kuwa wanaishi na wasio maharimu, wavae hedifoni chini ya mtandio, au wachague kitambaa chepesi kisicho na mikunjo sikioni. Kwa hiyo usinunue kabla ya kuvaa, na uende dukani ulivyo, na miwani yako na mtandio wako.

Mwenye mfuko mwepesi (nani si mwepesi mwezi wa tatu?) atafute zilizotumika, aongeze mito mipya.

Mkutano ujao leteni zenu. Tutapiga rekodi moja ya Siti kwa hedifoni zote, kila mtu aandike ubeti anaousikia, kisha walimu wasahihishe. Kalamu nyekundu tunazo.