Ukurasa usioenea kwenye simu unakula mega za raia

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipoanza kumwaga lava, wakaaji wa Goma walikuwa na jicho moja kwenye mlima na lingine kwenye simu. Siku tano baadaye, tarehe 27, gavana wa kijeshi aliagiza kata 10 kati ya 18 za mji zihamishwe. Watu wakashika njia ya Sake, ya Rutshuru na ya Gisenyi. Katika saa kama hiyo mtu anatafuta jambo moja tu: kata yetu imo ama haimo? Simu yake ina nyufa, chaji imebaki kidogo, mega nazo zinahesabika. Kama jibu limeandikwa upande wa kulia, nje ya kioo, ama limekaa chini ya picha nzito isiyotaka kufunguka, kwake jibu hilo halipo.

Namna ya kupanga ukurasa wa intaneti inachukuliwa huku kwetu kama urembo, kazi ya vijana wa informatiki wanaopenda rangi. Ni kosa. Mashariki mwa Kongo walio wengi wanasoma kwa simu, lakini kurasa nyingi za ofisi, za mashirika, za shule na hata za magazeti bado zinatengenezwa kana kwamba kila msomaji ameketi mbele ya mashine kubwa. Dalili zinajulikana. Herufi ni ndogo kama sisimizi, mpaka uvute kwa vidole viwili. Kila mstari unadai usukume ukurasa kushoto na kulia. Ukitaka kubonyeza habari, picha inafika kwa kuchelewa, ukurasa unaruka, na kidole kinaangukia tangazo la biashara.

Sehemu ya ugonjwa huu ina historia. CSS, lugha inayoiambia simu ama mashine namna ya kupanga maneno na picha, ilipendekezwa na Håkon Wium Lie Oktoba 1994 alipokuwa akifanya kazi CERN, na toleo la kwanza likakubaliwa rasmi Desemba 1996. Wazo lilikuwa zuri: maneno yakae kando, mavazi yake kando. Ila lugha hiyo haikuwa na kifaa cha kweli cha kupanga safu. Kwa miaka mingi mafundi walitumia jedwali, kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya hesabu, kisha wakatumia amri iliyowekwa ili maandishi yapite kando ya picha. Ilikuwa kama kujenga nyumba kwa vijiko. Upana uliandikwa kwa namba isiyobadilika, mara nyingi pikseli 960, kwa sababu mashine za wakati ule ziliweza kuubeba.

Simu za kioo zilipokuja, zikalazimika kudanganya. Hadi leo, simu ikikutana na ukurasa usiojitambulisha kuwa umetayarishwa kwa simu, inajifanya ina upana wa pikseli 980 hivi, inapanga kila kitu kwa upana huo, halafu inakipunguza chote mpaka kienee. Ndipo sisimizi wanapotokea. Mstari mmoja tu kichwani mwa ukurasa unatosha kuiambia simu itumie upana wake wa kweli. Mstari mmoja! Na bado kuna kurasa zinazowekwa hewani bila huo.

Mwaka 2010 Ethan Marcotte alieleza njia ya kutengeneza ukurasa unaojinyoosha na kujikunja kufuatana na kioo. Baadaye ikaja fleksiboksi, inayosimamia vitu vilivyo katika mstari mmoja kama abiria wa teksi-basi wanaoambiwa wasonge: nafasi ikipungua wanabanana, ikikosekana kabisa wengine wanashuka mstari wa pili. Kisha Machi 2017 kikatokea kitu kisicho cha kawaida: Firefox, Chrome na Safari zote zilitoa gridi ndani ya mwezi mmoja. Gridi inapanga safu na mistari kwa pamoja. Fundi anaandika amri moja: kila sanduku lisipungue pikseli 240, yaingie mengi kadiri nafasi inavyoruhusu, na yagawane kinachobaki. Simu ya kawaida, yenye pikseli 360 kwa hesabu ya CSS, itaweka sanduku moja moja kutoka juu kwenda chini. Mashine ya ofisi yenye 1200 itayaweka manne kando kando, pamoja na nafasi ndogo katikati. Hakuna ukurasa wa pili wa kutengeneza, wala programu ya kuongeza. Tangu Februari 2023 vivinjari vikubwa vyote vinaweza hata kuliuliza sanduku lenyewe lina upana gani, bila kuangalia kioo kizima.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna jambo jingine, ambalo wauzaji wa violezo vya kununua hawakulifikiria. Kiswahili kinabeba sentensi nzima ndani ya neno moja: hawajarudishiwa, wasiojiandikisha, tutakapowajulisha. Safu nyembamba yenye upana uliofungwa inalikata neno la namna hiyo mkiani ama inaliacha litoke nje ya sanduku. Safu inayojinyoosha haina shida hiyo, na CSS ina ruhusa ya kuvunja neno refu pale ambapo hakuna njia nyingine. Tena, si mara chache ukurasa wa Kiswahili unakuwa umetangazwa ndani yake kuwa ni wa Kifaransa ama Kiingereza, kwa sababu kiolezo kilikuja hivyo. Matokeo yake, sauti inayomsomea kipofu inatamka Kiswahili kwa mdomo wa kigeni, na haeleweki.

Halafu kuna mega. Raia walilalamika sana juu ya RAM, makato ya simu yaliyoanza mwaka 2020 mpaka yakaondolewa 2022. Ukurasa mzito nao ni makato, ila hayana jina wala waziri wa kuulizwa. Hesabu ni nyepesi. Ukurasa wenye uzito wa mega 5 unafunguka mara 20 tu kwa mtu aliyenunua mega 100. Ukiwa na kilobaiti 250, mega zile zile zinaufungua mara 400. Tofauti hiyo inatoka hasa kwenye picha: picha ya pikseli 4000 iliyopigwa kwa simu nzuri inawekwa jinsi ilivyo, ikasomwe kwenye kioo kisichohitaji hata robo yake. Vivinjari vinajua kuchagua picha ndogo, mradi fundi aziandae za ukubwa tofauti. Vinajua pia kungoja mpaka msomaji afike kwenye picha ndipo waipakue. Fundi akiandika upana na urefu wa picha, nafasi yake inatengwa mapema na ukurasa hauruki. Uzito mwingine unatoka kwenye vifurushi vilivyopikwa tayari. Bootstrap, iliyotoka Twitter mwaka 2011, ilisaidia sana wakati gridi haikuwepo. Leo kuna kurasa zinazoipakua nzima kwa ajili ya safu tatu, kazi ambayo kivinjari kinaifanya chenyewe bila kulipwa.

Kibaya kuliko vyote labda ni komunike. Ofisi inaandika tangazo, inalichapa, inalipiga muhuri, inalipiga picha, na picha hiyo ndiyo inayowekwa kwenye ukurasa. Muhuri unaonekana vizuri. Maneno hayakunjiki kufuata kioo, hayatafutiki, kipofu hasomewi, na uzito wake unazidi mara nyingi ule wa maneno matupu. Hakuna anayesema muhuri uondolewe. Picha ibaki chini, na maneno yaandikwe juu yake kama maneno.

Wako wanaosema simu za zamani hazijui mambo haya mapya. CSS ilitengenezwa hivi: kivinjari kikikutana na amri kisichoielewa kinairuka na kuendelea. Fundi mwenye akili anaanza na safu moja nyepesi, inayosomeka popote, kisha anaongeza gridi juu yake. Simu ya zamani inabaki na safu moja, na safu moja ndiyo inayoifaa. Wengine wanasema watu wamehamia WhatsApp. Ni kweli, lakini kiungo kinachotumwa humo kikibonyezwa kinaleta ukurasa ule ule.

Lawama haiwahusu vijana wanaoandika kodi peke yao. Mwanafunzi wa Bukavu, wa Bunia ama wa Lubumbashi anaweza kujifunza gridi kwa mashine ya mkopo, kivinjari na programu ndogo ya kuandikia, hata siku isiyo na intaneti. Shida iko kwa anayelipa. Ukurasa unaonyeshwa kwa mkubwa ofisini, kwenye kioo kipana na mtandao wa kasi, anatingisha kichwa, anasaini, na bili inalipwa. Kama mkataba haukutaja simu, fundi hana sababu ya kuifikiria.

Masharti yenyewe si mengi: ukurasa wa kwanza usizidi mega moja, usidai kusukumwa kushoto na kulia kwenye kioo cha pikseli 360, na matangazo ya usalama yawe maandishi. Kabla ya kutoa malipo ya mwisho, mkurugenzi aache mashine yake, aazime simu ya mlinzi wa getini, azime wifi ya ofisi, na aufungue ukurasa kwa mega za mlinzi. Kisha amrudishie.