Kasi ya Kiwamba na Umaskini wa Istilahi Tupu

Wapenzi wa Kiswahili wamegombania jina la mtambo mmoja kwa miaka mingi: wapo wa tarakilishi, wapo wa ngamizi, na wapo wengi wasemao kompyuta pasi na kuomba idhini ya yeyote. Mjadala huo una nafasi yake. Hata hivyo, mwalimu wa Nyamira aliyekabidhiwa mtambo mkuukuu wa miaka ya 1990 hafaidiki na jina. Anachotaka kujua ni kwa nini picha hujichora kwenye kiwamba ukanda kwa ukanda, ilhali muuzaji wa mjini Kisii alimwapia kwamba prosesa yake ni ya kasi.

Jawabu limo katika kuzidisha na kugawanya. Kiwamba chenye nukta 1,024 kwa 768 kina nukta 786,432. Kila nukta ikichukua baiti 2 za rangi, picha moja ni baiti 1,572,864. Ikichukuliwa kwamba njia ya data iendayo kwenye kadi ya michoro hupitisha baiti milioni 5 kwa sekunde, kiwamba kizima kitachorwa upya mara 3 tu katika sekunde hiyo. Filamu ya sinema huenda kwa picha 24. Prosesa haina hatia hapa: mchumaji hodari wa majani chai hawezi kukiharakisha kiwanda cha Kebirigo iwapo barabara ya kutoka shambani haipitiki. Zipo kadi zinazojichorea mistari na miraba zenyewe, nazo huivuruga hesabu hii. Ndiyo maana huitwa kadirio, si kipimo.

Kabla ya kununua mtambo mwingine, basi, mwalimu na apunguze nukta hadi 640 kwa 480 na rangi hadi 256, yaani baiti 1 kwa nukta. Picha itakuwa baiti 307,200, nacho kiwamba kitachorwa takriban mara 16 kwa sekunde. Shule haitatoa hata shilingi.

Mwaka 2004, Jambo OpenOffice ilitolewa Dar es Salaam, ikathibitisha kuwa menyu za programu zaweza kusomeka kwa Kiswahili. Kazi hiyo yastahili sifa. Lakini menyu humwonyesha mtu pa kubofya, haimwelezi kinachotendeka akishabofya. Tasnifu za istilahi nazo aghalabu hukomea kwenye orodha ya maneno. Mwanafunzi aandikaye tasnifu ya aina hiyo angeongeza sura moja yenye hesabu kama hii, kisha aipeleke Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira, akaone kama mwalimu wa shule ya upili ataielewa.