Deni ni lako, picha ya mteja siyo yako

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuambizane ukweli. Nani hapa hajawahi kukopwa halafu mteja akapotea? Mwanzo anasoma meseji hajibu, mwisho amekubloki kabisa.

Mwaka jana dada mmoja alichukua kwangu magauni mawili, jumla 70,000, tukakubaliana alipe mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha, kimya. Wa pili nao kimya. Kwa hasira nikaweka picha na namba yake kwenye status, nikaandika "Tapeli huyu, kuweni makini."

Unajua nilipata nini? Yule dada alinijibu kwa kifupi tu: "Umeshaniaibisha, deni gani tena unadai?" Na mteja wangu mwingine, anayelipa kesh siku zote, akaniuliza, "Kumbe na mimi ukinikasirikia utanianika?" Hajarudi mpaka leo. Nimepoteza 70,000 na mteja mzuri juu.

Baadaye ndiyo nikajua kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Jina, namba, picha na mahali anapokaa mteja ni taarifa zake. Alikupa ili mzigo umfikie, hakukupa umtangaze. Anaweza kukulalamikia kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ukimwita tapeli bila ushahidi anaweza kukufungulia kesi ya kashfa. Yaani wewe uliyekuwa unadai unageuka kuwa mshtakiwa.

Najua utasema, "Yeye ndiye kaanza." Sawa. Lakini kumbuka tulivyolalamika zile programu za mikopo zilipokuwa zinatuma meseji za aibu kwa ndugu zetu na mabosi wetu. Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni, wengi tukashangilia. Sasa mbona sisi tunafanya yaleyale?

Sisemi usamehe deni. Hela yako idai, ila idai hivi:

1. Kabla ya kukopesha, tuma meseji yenye bidhaa, bei na tarehe ya kulipa. Mteja ajibu "nimekubali". Itunze, huo ni ushahidi.
2. Akichelewa, mtafute yeye, siyo mama yake wala bosi wake.
3. Akigoma, nenda serikali ya mtaa anapokaa mkasuluhishwe.
4. Ikishindikana, Mahakama ya Mwanzo ipo. Kesi inaendeshwa kwa Kiswahili, na unaweza kwenda mwenyewe bila wakili.

Na kama ukiangalia mzigo unaona kabisa hela yake ikipotea utalia, usikopeshe. Hakuna sheria inayokulazimisha. Kusema "hapana dada yangu, lipia kwanza" siyo roho mbaya, ni haki yako.

Wewe deni lako la mwisho ulilidai vipi? Tuambie hapa chini, ila jina la mteja usiliweke.