Reli mpya iwekewe vipima joto mapema

Januari 2025 ulisainiwa mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati, Burundi. Kwa wafanyabiashara wa mpakani, na kwa ndugu zetu waliorejea kutoka makambi ya Kigoma na sasa wanaanza maisha upya kwa biashara ndogo ndogo, hiyo ni habari njema. Lakini nina swali moja kwa wahusika: gurudumu la behewa likipata moto njiani, nani atajua, na atajua mapema kiasi gani?

Kila ncha ya ekseli ya behewa huzunguka ndani ya beringi. Beringi ikichakaa au ikikosa grisi hupata moto. Isipogunduliwa, ekseli hukatika na behewa huacha reli. Dereva aliye mbele ya treni ndefu hawezi kuliona jambo hilo. Ndiyo maana nchi kadhaa huweka kando ya reli mitambo inayopima joto la kila beringi inapopita, bila kuigusa, kwa kunasa mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho. Joto likizidi kiwango, dereva huarifiwa kwa redio asimame.

Hata hivyo, mitambo peke yake haitoshi. Tarehe 3 Februari 2023, huko East Palestine katika jimbo la Ohio, Marekani, mabehewa 38 yaliacha reli, 11 kati yake yakiwa na kemikali za hatari. Wakazi walihamishwa. Treni hiyo ilikuwa imepita mitambo miwili bila kusimamishwa. Wa kwanza ulisoma nyuzi 21 za Selsiasi juu ya joto la hewa, wa pili 57. Kamera zilionyesha moto tayari chini ya behewa, lakini dereva hakuambiwa, kwa sababu kiwango cha kumpa tahadhari kilikuwa hakijafikiwa. Mtambo wa tatu ulikuwa takriban kilomita 32 mbele. Uliposoma nyuzi 141, maji yalikuwa yamekwisha mwagika.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Joto lililopanda kutoka 21 hadi 57 lilikuwa mwiba, na sheria ya Marekani wakati huo haikuilazimisha kampuni ya reli hata kuweka mitambo hiyo.

Nazishauri serikali zote mbili ziandike katika masharti ya reli hii mambo matatu: mitambo iwe karibu karibu, vipimo vya mtambo mmoja vilinganishwe na vya uliotangulia, na mtumishi anayeona joto linapanda awe na mamlaka ya kusimamisha treni bila kuomba ruhusa.

Mfanyabiashara aliyekopa ili kununua shehena ya mchele hana mtaji wa pili, na abiria hana roho ya pili. Masharti haya yawekwe sasa, wakati reli inajengwa, si baada ya kuhesabu hasara.