Abiria si Nyasi

Upo usemi unaopendwa na watu wengi kwamba abiria wa reli za Ulaya, wakati wa mgomo, ni nyasi zinazoumia wapiganapo tembo. Kampuni ni tembo mmoja, chama cha wafanyakazi ni tembo wa pili, na msafiri aliyekalia sanduku lake katika stesheni ya Roma au Paris hana la kufanya ila kumlaani dereva ambaye hakuja. Usemi huo hupendeza sikio, na kwa sababu hiyo hupokewa bila kupimwa. Ukipimwa, huonekana kuwa hauna haki kwa mfanyakazi wala manufaa kwa msafiri.

Nyasi hazipewi habari kabla ya kukanyagwa, abiria hupewa. Katika Italia, sheria ya mwaka 1990 yataka mgomo wa reli utangazwe siku zisizopungua 10 kabla, na siku za kazi treni za mikoani zilizowekewa dhamana hazina budi kwenda kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, na tena kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku. Katika Ufaransa, tangu sheria ya mwaka 2007, mfanyakazi wa kazi zilizo za lazima kwa mwendo wa treni hutoa habari ya nia yake ya kugoma saa 48 kabla, na kampuni huwaeleza abiria saa 24 kabla ni treni zipi zitakazokwenda. Basi mgomo si tetemeko la ardhi. Msafiri asiyeuliza habari za njia, kisha akanung'unika kwamba ameshtukizwa, huwadai wengine hadhari aliyoiacha mwenyewe.

Ama kuhusu laana, wenye kulaani hawaulizi kinachogombewa. Mwishoni mwa mwaka 1995 reli za Ufaransa zilisimama kwa majuma kadhaa kwa sababu serikali ya Alain Juppé ilitaka kugusa malipo ya uzeeni ya wafanyakazi hao. Watu wa Paris walitembea kwa miguu na kupanda baiskeli katika baridi. Hata hivyo wengi wao waliwahurumia wagomaji, na serikali ikayaondoa mabadiliko hayo. Katika Ujerumani, mgomo wa madereva wa Januari 2024 ulikuwa juu ya saa za kazi. Mwezi wa Machi ilipatikana suluhu iliyofungua njia ya juma la saa 35 ifikapo mwaka 2029, bila kupunguza mshahara. Aombaye kupumzika hapa ni mtu anayechukua roho za mamia ya watu usiku wa manane. Je, abiria hulala salama zaidi nyuma ya dereva aliyechoka?

Liko kundi la pili, la wajanja. Hawa hawalaani, hutoa mashauri. Kata tikiti mbili, husema, kodi motokaa, panda ndege. Hiyo ni dawa ya mwenye mfuko mnene, na kwa mwanafunzi mwenye tikiti moja ni dhihaka. Wajanja hao huisahau dawa isiyohitaji mali, nayo ni sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu Juni 2023 yasema kwamba treni ikivunjwa, au ikitazamiwa kufika ikiwa imechelewa dakika 60 au zaidi, abiria achague: arudishiwe nauli au apelekwe kwa njia nyingine. Dakika 100 zikipita tangu saa ya kuondoka bila kampuni kumwonyesha njia, aweza kujikatia tikiti ya treni au basi jingine na kudai gharama iliyo ya haki. Akisafiri na kuchelewa, hulipwa robo ya nauli, au nusu yake kuchelewa kukifika saa mbili. Tena kanuni hiyo yakataza kampuni kujitetea kwa mgomo wa watumishi wake yenyewe.

Hapo ndipo penye kiini cha shauri hili. Sheria imekwisha kuamua mzigo wa mgomo uwekwe juu ya bega la nani. Abiria anayetupa tikiti yake kwa hasira huuondoa pale na kuubeba mwenyewe. Kila dai lisilopelekwa ni zawadi kwa kampuni, na kampuni isiyopata hasara haina haraka ya kupatana.

Wapo kweli wanaoumia kuliko mtalii: muuguzi wa zamu na mfagiaji anayekaa mbali na mji. Nchi yaweza kuziondoa treni za mjini na viunga vyake katika sehemu kubwa ya kanuni hiyo, na hivyo mnyonge huyu hubaki na kinga ndogo kuliko msafiri wa mbali. Saa za dhamana za Italia zafaa kuigwa kwa ajili yake. Lakini wanaotaka mgomo usiomchelewesha mtu yeyote hawautaki mgomo kabisa. Na waseme hivyo waziwazi, wasijifiche nyuma ya machozi ya mfagiaji.

Abiria, basi, na aulize siku kumi kabla, ahifadhi tikiti na stakabadhi zake, kisha adai. Nyasi haziwezi kudai, naye aweza.