Ubaguzi Haufutwi kwa Onyesho la Saa Moja

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika vyuo vingi vya dunia umeenea mtindo wa kufundisha habari za ubaguzi ambao waweza kudhaniwa umetokana na methali hiyo. Mwanafunzi hutiwa kwa muda mfupi katika hali ya yule anayebaguliwa. Hufungwa kitambaa machoni, akaambiwa atembee kama asiyeona. Huketishwa katika kiti cha magurudumu. Au hupitishwa katika vyumba vya giza ambamo waigizaji humtukana kwa rangi, kwa dini au kwa kilema. Mwisho wa njia hiyo huketi na wenzake, wakazungumza waliyoyahisi. Hata hapa kwetu mtindo huo haukosi wapenzi.

Hatuna ugomvi na nia ya watu hao, kwa sababu nia yao ni njema. Ugomvi wetu ni juu ya njia waliyoichagua. Sisi twashika kwamba kulala juu ya kitanda kwa saa moja, tena mchana, si kumjua kunguni. Na kwamba taifa letu lina njia iliyo bora zaidi, ambayo limeiacha ikaota majani.

Tuanze na asili ya jambo lenyewe. Tarehe 4 Aprili 1968, Martin Luther King aliuawa kwa risasi mjini Memphis, Marekani. Siku iliyofuata, katika mji mdogo wa Riceville, jimbo la Iowa, mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Jane Elliott aliwagawa watoto wa darasa lake kwa rangi ya macho yao. Wenye macho ya rangi moja walitukuzwa na kupewa upendeleo. Wenye macho ya rangi nyingine walidunishwa. Kisha akaigeuza zamu. Haukupita muda mrefu kabla ya watoto waliotukuzwa kuanza kuwadharau wenzao waliokuwa wakicheza nao jana yake. Katika miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Western Illinois, nchini humohumo, kilikuwa na maonyesho ya vyumba vya mateso ya kuigiza, na vyuo vingine vikaiga.

Mwalimu yule twamheshimu, maana alitumia chombo alichokuwa nacho. Lakini hebu tutazame jambo moja. Watoto wote wa darasa lile walikuwa Wazungu. Darasa zima lilifundishwa habari za Mtu Mweusi bila Mtu Mweusi kuwamo. Yeye hakuwa na la kufanya, kwa kuwa mji wake ndivyo ulivyokuwa. Je, sisi tuna udhuru gani? Katika vyuo vyetu asiyeona yumo, kiziwi yumo, mwenye ualbino yumo, mtoto wa mfugaji na mtoto wa mkulima wa jembe la mkono wamo. Kwa nini tumfunge kitambaa mwenye macho ili atufundishe upofu, hali asiyeona ameketi safu ya nyuma, wala hakuna aliyemwuliza neno?

Makosa ya njia hiyo ni matatu. Kwanza, anayeigiza ana ufunguo mfukoni. Akichoka hufungua kitambaa akaenda kula. Lakini uchungu wa kubaguliwa haumo katika tusi moja. Umo katika kujua kwamba na kesho tusi litakuwapo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, wala haionjwi kwa kulala mchangani nusu saa.

Pili, aliyefungwa macho kwa dakika chache hujifunza kujikwaa. Hajifunzi maisha ya asiyeona. Asiyeona ana elimu yake: ana fimbo yake, ana nukta nundu, ana sikio lililozoezwa kwa miaka. Mwigaji hana hata kimoja cha hivyo. Hutoka pale akisema, “Masikini, wanateseka kweli!” Hiyo ni huruma, na huruma isiyo na heshima ni jirani wa dharau.

Tatu, na hili ndilo baya kuliko yote, onyesho huwapa wakubwa njia ya kujitakasa. Hotuba husomwa, picha hupigwa, fulana hugawiwa. Kisha jengo la mihadhara hubaki na ngazi zilezile, na kiziwi hubaki darasani bila mkalimani.

Tumesema kwamba taifa letu lilikuwa na njia yake. Wakati wa ukoloni, shule za Tanganyika zilitengwa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali. Kuanzia Januari 1962 utaratibu huo ulifutwa. Serikali haikumwomba mtoto wa Mzungu aigize Uafrika. Iliwaketisha watoto wote katika mfumo mmoja wa shule. Mwaka 1963 likaundwa Jeshi la Kujenga Taifa. Na mwezi Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya utumishi huo, Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300, na akapunguza mishahara ya wakubwa, akianza na wake mwenyewe. Alikuwa ameona kwamba msomi anaweza kuwa mbaguzi wa aina mpya, mwenye kumdharau mzazi aliyemlipia karo kwa jasho.

Hatusemi kwamba jembe na gwaride viligeuza watu kuwa malaika. Twasema kwamba mtu aliyechimba mtaro mmoja na mwenzake kwa miezi mingi hawezi tena kusadiki kirahisi hadithi aliyosimuliwa nyumbani juu ya kabila la mwenzake. Mafunzo hayo yalisimamishwa mwaka 1994. Yaliporudishwa mwaka 2013, yalirudi yakiwa mafupi, wala hayakuwafikia vijana wote.

Wako watakaosema: “Tanzania hakuna ubaguzi, sisi ni taifa la utani na lugha moja.” Tungependa iwe hivyo. Lakini katika miaka iliyofuata 2006, ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa kwa ajili ya viungo vyao. Watoto walikusanywa katika vituo kama Buhangija, Shinyanga, ili wasalimike. Kuokoa maisha yao lilikuwa jambo la haki. Hata hivyo, ukuta uliomhifadhi mtoto yule ulimnyima mtoto wa jirani nafasi ya kuketi naye dawati moja na kutambua kwamba ni mtoto kama yeye. Uongo wa waganga hustawi pale ambapo watu hawajuani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu mwaka 2010, na Katiba yetu inakataza ubaguzi. Lakini sheria haiwezi kula chakula na mtu.

Basi twapendekeza haya. Vyumba vya mabweni vigawiwe kwa namna itakayochanganya mikoa, dini na hali za mwili. Kila mwanafunzi, kabla ya kupewa shahada, ajifunze lugha ya alama kwa muhula mmoja, na wanaoifundisha wawe viziwi wenyewe, tena walipwe kama walimu wengine. Kazi za vikundi zipangwe na mwalimu, zisiachwe kwa marafiki wa tangu shule. Na fedha za maonyesho zitumike kwanza kurekebisha ngazi.

Tutaambiwa kwamba huko ni kulazimisha urafiki. La hasha. Urafiki haulazimishwi, lakini ujirani hulazimishwa kila siku, na kutoka katika ujirani ndimo urafiki huzaliwa. Anayetaka kuujua ubaguzi asivae ngozi ya mwenzake kwa saa moja. Amsogelee mwenzake, amsikilize, abebe naye mzigo mmoja muda mrefu, mpaka atakapoona haya kukaa kimya siku mwenzake anapotukanwa. Vyuo vitakavyofundisha hivyo vitakuwa vimeijenga nchi.