Furu ya kijiji inaishi kwa zamu



Katika vijiji vingi vya zamani kule Ufaransa, kungali nyumba moja ndogo ya mawe, imejengwa mbali kidogo na zingine kwa kuogopa moto. Ni nyumba ya kuokea mikate. Ndani mna furu: chini sakafu ya matafali bapa, juu dari la mviringo kama chungu kilichofunikwa, na mlango mmoja tu. Moto unawashwa ndani, juu ya sakafu ile ile. Kuta zikisha kushika joto, makaa yanaondolewa, mikate inaingizwa na mlango unafungwa. Joto la kuta njo linaivisha.

Zamani, furu nyingi za namna hiyo, pamoja na vinu vya kusagia, zilikuwa za bwana mwenye ardhi. Mkulima alikatazwa kuoka pengine, na kila mara aliacha sehemu kama malipo. Mapinduzi ya Ufaransa yalifuta lazima hiyo kabisa mwaka 1793. Furu nyingi zikawa za kijiji.

Lakini kumuondoa bwana hakukumaliza matata. Furu baridi inakula kuni nyingi. Anayeoka wa kwanza anaumia. Wanaomfuata wanapata joto lake karibu bure. Kwa hiyo watu wa vijiji vingine walivuta kura kujua nani ataanza, ao waligeuza zamu kila mara.

Hapo ndipo tunaona somo kwetu. Koperative nyingi zinajua kuomba chombo, lakini hazijui kuandika zamu. Mashine ya kusaga mihogo inafika, watu wanacheza ngoma, kiisha ufunguo unaingia mfukoni mwa mtu mmoja. Bwana amerudi, ila hatumwite bwana.

Wengine watasema: sheria nyingi zinaleta ugomvi. Sisi tunasema ugomvi unatoka kwa yale yasiyoandikwa.

Basi, mbele ya kuomba chombo kingine, mkutano uandike mambo matatu: nani anashika ufunguo na kwa miezi ngapi, nani analipa kuni ao mafuta ya kwanza, na zamu inageuka namna gani. Karatasi ibandikwe mlangoni, kila mwanamke na kila mwanaume aisome ao asomewe. Chombo kisicho na zamu ni mali ya mwenye nguvu.